Kibirizi hadi Mtanga kwa kuogelea: nivae wetisuti au niingie na kaptura tu?

#1 Mwanamwanga

Wakuu, habari za jioni.

Nimekulia Mwanga, Kigoma mjini, na ziwa nalijua tangu nikiwa mtoto wa kutumwa dagaa. Tangu mwaka jana naogelea masafa. Mwezi wa 8 nataka nitoke Kibirizi niende Mtanga kwa kuambaa na ufuko, kama kilomita 15 hivi, boti ikiwa ubavuni kwangu.

Kinachonikosesha usingizi ni wetisuti, lile vazi la mpira la kukinga baridi majini. Mwezi uliopita nimejaribu mara moja nikiwa nayo na mara moja bila, na zote mbili zimenishinda, kila moja kwa namna yake.

Nikiwa nayo, niliyoazima kwa rafiki: saa ya kwanza raha tupu, miguu inaelea yenyewe. Saa ya pili kichwa kikaanza kugonga, moyo ukaenda mbio, kichefuchefu kikanishika. Nilipofungua zipu maji yakanishuka mgongoni, na baada ya dakika chache nikapata nafuu. Shingo ilichubuka hadi ikatoa damu.

Bila hiyo, na kaptura tu: saa tatu nilikwenda vizuri. Kisha meno yakaanza kugongana. Vidole vya mkono wa kushoto vikatawanyika, nikivibana vinakataa, kiganja kikawa kama uma. Nilipandishwa kwenye boti, nikafunikwa khanga mbili na koti la mvua, nikatetemeka kama nusu saa nzima. Maji haya haya ambayo watoto wa Kibirizi wanashinda humo kutwa!

Wajuvi niambieni. Lipi lilinipata siku ile ya pili? Na mwezi wa 8 nivae au niache?

#2 KigaeChaUjiji

Baridi Kigoma, mkuu? Kapime malaria kwanza. Kutetemeka kwenye maji yenye joto kiasi kile, hapa kwetu, jibu la kwanza ni malaria. Kaka yangu alianza hivyo hivyo akidhani amenyeshewa.

#3 Mtabora_Asali

Naungana na namba 2, kapime. Kuhusu wetisuti, ninavyojua inaruhusiwa mpaka maji yafike nyuzi 24.5. Tanganyika iko juu ya hapo, kwa hiyo swali limeshajibiwa.

#4 Pwani_Tanga

Mtabora, hiyo 24.5 ni kanuni ya mashindano ya Ironman, yale ya kuogelea, baiskeli na kukimbia. Tena hata hapo, kati ya 24.5 na 28.8 mtu anaruhusiwa kuvaa, ila hawanii zawadi. Juu ya 28.8 ndipo inapopigwa marufuku.

Mashindano ya kuogelea peke yake, yaani ya World Aquatics, shirikisho la dunia, yana hesabu nyingine. Maji yakiwa chini ya 18 wetisuti ni lazima. Kuanzia 18 hadi kabla ya 20 ni hiari. Yakifika 20, hakuna. Na mbio hazifanyiki kabisa maji yakiwa chini ya 16 au juu ya 31.

Wale wa masafa ya kale, kama wanaovuka mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, hawaikubali kabisa: vazi la kawaida la kuogelea, kofia na miwani, basi. Na maji yao ni nyuzi 15 hadi 18! Captain Matthew Webb alivuka pale mwaka 1875 kwa saa 21 na dakika 45, amejipaka mafuta ya pomboo.

Lakini mleta mada hashindani na mtu. Kanuni hizo zinatusaidia kujua watu waliona hatari iko wapi, uamuzi ni wake.

#5 Mtabora_Asali

Asante kwa kunisahihisha, Pwani. Nilichanganya.

#6 Mzee_wa_Kipe

Mwanangu Mwanamwanga, nimevua ziwa hili tangu enzi za karabai, kabla hizi taa za sola hazijaja. Hayo ya nyuzi siyajui. Ninachokijua ni upepo. Usiku unashuka kutoka milimani kwenda ziwani, mchana unageuka, unatoka ziwani kuja nchi kavu. Mtu aliyelowa akipigwa na upepo huo, awe mvuvi awe muogeleaji, anatetemeka hata mwezi wa 10 wenye joto. Sisi usiku kwenye kipe, chombo cha kuvulia dagaa kwa taa, tunavaa makoti na masweta, na tuko juu ya chombo, hatuko majini.

Hebu sema: siku ile ulisimama mara ngapi kula? Na ulikuwa unasimama vipi, umezama au umeinua kifua juu unashika mtumbwi?

#7 Mwanamwanga

Shikamoo mzee. Nilisimama mara nne. Nilikuwa nashika ukingo wa boti, kifua chote nje, tunapiga na soga kidogo. Ilikuwa kuanzia saa 4 asubuhi, na upepo ulikuwepo.

Namba 2, nilipima siku ya tatu yake. Haikuonekana.

#8 Mzee_wa_Kipe

Marahaba. Basi jibu lako hilo hapo. Ule ukiwa umelala majini, ubaki shingo tu. Watu wa botini wakutupie chupa kwa kamba.

#9 Mpima_Maji

Heshima yako mzee, upepo una sehemu yake, lakini mimi naona maji yenyewe yalibadilika. Kipindi cha kiangazi upepo wa kusini unasukuma maji ya moto ya juu kuelekea kaskazini, na kule kusini, upande wa Mpulungu, Zambia, maji ya chini yanapanda. Upepo ukilegea, ziwa lote linayumba kwa ndani kama maji ndani ya beseni lililobebwa kichwani, na yumbo moja huchukua wiki tatu hadi nne na zaidi. Kwa hiyo Kibirizi leo si Kibirizi ya wiki ijayo. Unaweza kuingia kwenye mkondo wa baridi usioonekana kwa macho.

#10 Pwani_Tanga

Mpima, kuyumba nakubali. Ila kumbuka Tanganyika ni ziwa la ajabu: lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na hata huko chini kabisa joto ni nyuzi 23 na kidogo. Juu ni 25 hadi 28. Hata maji yote ya chini yangepanda, mleta mada angekutana na 23. Mtu hafi ganzi kwa 23 ndani ya saa tatu.

#11 Mpima_Maji

Hakuna aliyesema amekufa ganzi, ametetemeka. Nyuzi tatu au nne kwa mtu aliyeko majini saa tatu ni kitu kikubwa. Maji hunyonya joto la mwili kama mara 25 kuliko hewa. Na mtu anayekaa tu bila kujishughulisha huanza kupoteza joto hata kwenye maji ya 30.

#12 Bangwe1

Mimi nilikuwa na kipimajoto mwezi huo huo anaousema. Nilipata 26.4. Hapakuwa na mkondo wowote wa baridi.

#13 Mpima_Maji

Ulipimia wapi na saa ngapi?

#14 Bangwe1

Ufukweni Bangwe, maji ya magotini, saa 8 mchana.

#15 Mpima_Maji

Maji ya magotini saa 8 mchana ni supu, ndugu yangu. Funga kipimajoto kwenye kamba, kishushe mita moja, nje ya mwamba, saa 12 asubuhi. Hapo ndipo tutaongea.

#16 Bangwe1

Sawa, Jumamosi nitafanya hivyo, nitaleta majibu hapa.

#17 Kasulu_Kwetu

Huku kwetu milimani ndiko kwenye baridi, nyie wa ziwani mnaingia na makoti kwenye bakuli la uji. Nasoma lakini, uzi mzuri.

#18 Dada_Maabara

Nimepita uzi wote na hakuna aliyeuliza uzito wa mleta mada. Mkuu, una kilo ngapi, na asubuhi ile ulikula nini?

#19 Mwanamwanga

Kilo 61, urefu sentimita 178. Nilikunywa chai na mkate. Njiani nilikunywa maji na ndizi mbili.

#20 Dada_Maabara

Saa tatu na zaidi za kuogelea kwa ndizi mbili! Mwili unatengeneza joto kwa kuchoma chakula. Kinapokwisha unapunguza mwendo, na ukipunguza mwendo joto nalo linashuka. Kwa mwili wako mwembamba huna akiba ya mafuta ya kukukinga. Vidole kutawanyika ni dalili ambayo waogeleaji wa masafa wanaiogopa, maana misuli midogo ya mkono imepoa na imechoka kiasi cha kushindwa kutii. Ukiiona tena toka majini, usibishane nayo.

Kwa maoni yangu tatizo la siku ya pili ni tumbo. Nguo haihusiki. Kila nusu saa upate kitu chenye sukari: uji mwepesi wa vuguvugu kwenye chupa, chai ya sukari, au glukosi. Cha vuguvugu, si cha baridi.

Halafu kichocho hakuna aliyekigusa. Konokono wanaokibeba wako kwenye maji yaliyotulia yenye majani, karibu na makazi ya watu. Vijidudu vinatoka kwa wingi jua likiwa kali, kuelekea adhuhuri. Ukishaingia kwenye kina kirefu kwenye mawe, hatari inapungua sana. Hatari yako iko pale unapoingilia na pale unapotokea. Usisimame hapo unapiga picha.

#21 KigaeChaUjiji

Dada, kwa hiyo wetisuti inazuia kichocho? Kama inazuia basi hiyo peke yake ni sababu ya kuivaa.

#22 Dada_Maabara

Inapunguza ngozi iliyo wazi, haizuii. Kinachokinga baridi hasa ni viputo vya gesi ndani ya mpira, ila wetisuti inaruhusu maji kidogo yaingie, yakae kati ya mpira na ngozi. Maji hayo ni ya ziwa hilo hilo. Na mikono, nyayo na uso viko nje. Avae asivae, aende kupima wiki ya 6 hadi ya 8 baada ya kuogelea. Ukiwahi mno mayai hayajaanza kuonekana. Na prazikwanteli, dawa ya kichocho, ukiimeza mapema mno haiui minyoo michanga, kwa hiyo usijitibu siku ileile ukadhani umemaliza.

#23 Pwani_Tanga

Mleta mada, turudi kwenye siku ya kwanza, maana wote tumekimbilia ya pili. Hiyo wetisuti ya rafiki yako ni ya kuogelea au ya kuzamia?

#24 Mwanamwanga

Sikujua kuna tofauti. Rafiki yangu ni mzamiaji, aliwahi kukamata samaki wa mapambo wanaosafirishwa nje. Nyeusi, nzito, magotini imeongezewa mpira mgumu, zipu nene mgongoni. Ndani imeandikwa 5.

#25 Pwani_Tanga

Hiyo ni ya kuzamia, milimita 5 mwili mzima! Mzamiaji anakaa karibu pale pale, anasubiri samaki kwenye mwamba, hatoi joto. Wewe unazungusha mikono maelfu ya mara. Ya kuogelea ina mpira mwembamba mabegani na kwapani ili mkono uende, na mnene mapajani ili miguu ipande. Ya kwako inakubana bega na kukupika kwa pamoja. Mchubuko wa shingo nao umetoka hapo, kila ukigeuza kichwa kuvuta pumzi ukingo unasugua palepale.

Na joto si jambo la kuchezea. Mwaka 2010 kule Fujairah, Falme za Kiarabu, muogeleaji wa Marekani Fran Crippen alifariki kwenye mbio za kilomita 10, kwenye maji ya moto. Hakuwa hata na wetisuti. Baada ya hapo ndipo mjadala wa ukomo wa joto ulipopamba moto, na ile 31 niliyoitaja namba 4 ikaja. Baridi inakupa ishara, unatetemeka, wenzako wanaona. Joto likikuzidi majini, hata jasho lako hulioni, na mtu wa botini anaona mtu anaogelea kama kawaida hadi anaposimama.

Kichwa kugonga, moyo kwenda mbio na kichefuchefu, kisha nafuu ulipofungua zipu. Ulikuwa unapikwa, mkuu.

#26 Mtabora_Asali

Hapa Pwani umenigusa. Mimi nilifanya mazoezi siku nyingi kwenye bwawa la mashindano, na maji ya mabwawa hayo kikanuni ni 25 hadi 28. Yaani joto la Tanganyika ndilo joto la bwawa. Hakuna anayevaa wetisuti bwawani.

#27 Mpima_Maji

Bwawani unaogelea saa moja, unatoka, unajifuta na taulo. Kilomita 15 kwake ni saa sita hadi saba. Usilinganishe.

#28 KigaeChaUjiji

Mnasahau kuelea. Mimi ni mtu wa Ujiji, nimeona watu wakizama. Mtu akizimia na kaptura anakwenda chini, na ziwa hili halirudishi upesi. Akizimia na wetisuti anabaki juu. Kwangu hiyo ndiyo hoja kubwa kuliko joto na baridi.

#29 Pwani_Tanga

Hoja yako ni nzito, Kigae, na nimeisikia kwa mwili wangu. Nilipohamia Kigoma kutoka Tanga niliona miguu inazama, nikadhani nimeishiwa nguvu. Kumbe chumvi. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya ziwa kwa kama asilimia 2.5, na hicho kidogo unakisikia kiunoni. Lakini wetisuti si jaketi la kuokolea. Mtu aliyezimia anaweza kuelea kifudifudi, uso majini. Boya la kufunga kiunoni kwa kamba, lile la rangi ya machungwa, linamfanya aonekane kutoka mbali. Na mtu wa botini asiyegeuza macho anashinda vyote.

#30 Mzee_wa_Kipe

Naunga mkono la mwisho. Aliyeko kwenye boti awe kazi yake moja tu. Asivue.

Na kwa kuwa mnaongea mambo ya usalama: kaskazini mwa Kibirizi ni mawe na maji safi, sawa. Ila mtu yeyote asije akachukua mazoezi haya akayapeleka mdomo wa mto Luiche, kule chini ya Ujiji. Midomo ya mito ina mamba, na wetisuti nyeusi haimtishi mamba.

Mwezi wa 8 chagua siku za mbalamwezi. Kukiwa na mbalamwezi vipe vinapumzika, hutakutana na nyavu wala kamba alfajiri. Giza la mwezi ziwa limejaa taa na nyavu.

#31 Bangwe1

Nimerudi. Jumamosi saa 12 asubuhi, nje ya mwamba, kamba mita moja: 25.1. Jumapili saa hiyo hiyo: 25.3. Jumapili saa 9 mchana: 26.2.

#32 Mpima_Maji

Asante sana Bangwe, hii ndiyo kazi. Ona: tofauti ya karibu nyuzi moja kati ya alfajiri na mchana, na hatujasubiri hata wiki moja.

#33 Mtabora_Asali

Na mimi naona kinyume. Hakuna mkondo wa baridi wa Mpima. Ni 25, joto la bwawa.

#34 Dada_Maabara

Vipimo vyenu vyote ni vya wiki hii. Yeye alitetemeka mwezi uliopita, na ndizi mbili tumboni.

#35 Kasulu_Kwetu

Swali la mtu wa mlimani: si kuna kitu cha katikati? Kati ya mpira wa milimita 5 na kifua wazi?

#36 Pwani_Tanga

Kipo. Kuna wetisuti isiyo na mikono, mabega yako huru na kwapa linapoa. Kuna pia fulana ya laikra ya mikono mirefu inayobana. Hiyo haipashi joto wala haielei, ila inazuia jua. Tuko nyuzi 5 kusini mwa ikweta, saa sita za jua mgongoni zinababua mtu vibaya, hata mweusi kama mimi. Nilibabuka mabega nikashindwa kulala chali siku nne.

#37 KigaeChaUjiji

Na shingoni apake mawese. Bibi yangu alitupaka mawese kwa kila kitu.

#38 Pwani_Tanga

Kwenye ngozi mawese yatalainisha msuguano vizuri tu. Angalizo ni mafuta ya mgando yatokanayo na petroli, hayo yanaharibu mpira wa wetisuti taratibu. Na asidhani mafuta yatampa joto. Wale wa kale walijipaka kwa wingi, lakini kazi yake kubwa ni kuzuia kuchubuka.

#39 Mwanamwanga

Wakuu, nawashukuru mno. Nimesoma kila mchango mara mbili mbili na nimeandika kwenye daftari.

Ya rafiki nimemrudishia. Nimepata ya kuazima isiyo na mikono, nyembamba. Jumamosi ijayo nitaogelea saa nne Katonga nikiwa nayo, nitaingia saa 12 asubuhi, uji wa vuguvugu kila nusu saa, nitakula nimelala majini kama mzee alivyoagiza. Jumamosi inayofuata njia ile ile, chakula kile kile, na fulana ya laikra tu. Bangwe1 amekubali kukaa botini na kipimajoto.

Moyo wangu unataka kwenda bila. Nataka nikifika Mtanga niwe nimefika kwa mwili wangu. Lakini mke wangu amesoma ya Kigae, na yeye anataka nivae.

#40 Dada_Maabara

Msikilize. Na umbadilishie Bangwe kazi moja: kila ukila akuulize jina la mtoto wako wa mwisho na akuambie ubane vidole. Ukichelewa kujibu au vidole vikikataa, anakutoa, umevaa hujavaa.

#41 Mpima_Maji

Jumamosi mbili hazitoshi kwa yumbo la wiki nne. Utapima nguo mbili kwenye maziwa mawili tofauti.

#42 Mtabora_Asali

Mpima, kwa hesabu hiyo ataogelea hadi mwakani. Mwache aende. Mimi nakuja na treni kushuhudia, nakuleteeni asali ya kutia kwenye huo uji.

#43 Mzee_wa_Kipe

Asali lete. Mwanangu, Jumamosi saa 11 alfajiri uwe Kibirizi, nitakuja na boti yangu tushuke wote Katonga. Petroli lita 10 utaleta wewe. Na zile khanga mbili usiziache nyumbani.

#44 Bangwe1

Mzee, na kamba ya kutupia chupa unayo, au nije nayo?